Bipu ya Saa Sita na Dakika Kumi

Kibanda changu kiko Kibaoni, hapa Ifakara, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Mzee Hermenegildi, na tangu nikifungue sijawahi kununua saa. Ya nini? Kila siku ya Mungu, saa sita na dakika tano mchana, mlango wake unafunguka. Anatoka na kiti cha mbao, anakiweka barazani, anarudi ndani, anatoka tena na simu yake ndogo ya vitufe na daftari lenye jalada gumu. Anakaa. Saa sita na dakika kumi simu inaita mara moja na kunyamaza. Mzee anahesabu kimoyomoyo, anabonyeza, anaiacha iite mara moja huko inakokwenda, anakata. Kisha anaweka alama moja kwenye daftari, anarudisha kiti ndani na kufunga mlango. Hapo mimi najua ni wakati wa kubandika wali.

Ninauza laini na vocha, ninachaji simu za watu, na mdomo wangu hauna kufuli, sifichi. Mwaka wa kwanza tu nilimuuliza.

"Shikamoo mzee. Hivi huyo anayekubipu kila mchana ni nani? Mchumba?"

"Marahaba, mama Merina. Ni Zambia."

"Zambia nzima?"

Hakucheka. Mzee Hermenegildi si mtu wa kucheka upesi. Alinitazama kama karani anavyomtazama abiria aliyekuja bila tiketi, halafu akavuka barabara, akaketi kwenye benchi langu, akanieleza. Tangu siku ile tukawa marafiki kwa namna yake, maana yake anakuja kunisalimia asubuhi na kunikosoa ninavyopanga chaja.

Yeye ni Mpogoro wa Mahenge. Alishuka Ifakara akiwa kijana, reli ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya, na akaajiriwa ofisi ya stesheni. Hakuendesha treni, wala hakupeperusha bendera. Kazi yake ilikuwa kusoma namba. Ukutani kulikuwa na simu ya reli, ile ya mkono wa kuzungusha, na waya wake mmoja ulibeba ofisi nyingi, kutoka kwetu huku bondeni hadi ndani ya Zambia. Kwa kuwa waya ni mmoja, kengele ililia kwa wote, kwa hiyo kila ofisi ilipewa mlio wake, wa kuitiwa na wa kujitambulisha. Ifakara ilikuwa ndefu moja na fupi mbili. Ofisi ya Mpika, kule Zambia, ilikuwa fupi mbili na ndefu moja. Ukisikia mlio usio wako, unaendelea na chai yako.

Kila siku saa sita na dakika kumi, Mpika iliita. Kwao ni saa tano na dakika kumi, maana wako nyuma yetu kwa saa moja. Hermenegildi alishika mkono wa simu na kusoma namba za mabehewa yaliyopita: shaba inayoshuka kwenda bandarini, mbolea na ngano zinazopanda, na humo humo mchele wetu wa Kilombero unaokwenda kuliwa na watu tusiowajua. Upande wa pili kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Chilufya, naye aliandika. Walifanya hivyo kwa miaka ishirini na tatu bila kuonana hata kwenye picha.

"Mikataba walisaini wakubwa," aliniambia siku ile kwenye benchi. "Lakini behewa la mbolea likipotea njiani, hakuna aliyemuuliza waziri. Tuliulizwa sisi wawili, mimi na Chilufya."

Baadaye zikaja kompyuta, waya ukashushwa, na wao wawili wakastaafishwa mwaka mmoja. Siku ya mwisho walipeana namba za simu za mkononi. Lakini kupiga Zambia enzi zile ilikuwa balaa. Vocha iliisha kabla hujamaliza kuuliza habari za watoto, na sisi bila kuuliza za watoto, za mifugo na za mvua tunajiona hatujasalimiana. Basi Mzee Hermenegildi akaweka utaratibu, kama anavyoweka utaratibu kwenye kila kitu. Mpika itabipu mara moja, Ifakara itajibu mara moja. Maana yake: niko hai. Hakuna kupokea.

"Na ikipokelewa?" nilimuuliza kwa uchokozi.

Aliinua kidole. "Ikipokelewa, ujue aliyepokea si mwenyewe. Ni watu waliojaa nyumbani kwake. Hapo unakata, unavua kofia, basi."

Nilicheka siku ile mpaka nikamwaga chai. Niliona ni mambo ya wazee. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau, na yeye aliyelitunga alilisahau pia.

Watu wa mtaani wanamwita Mzee Behewa. Ukimpa nafasi atakuambia kuwa behewa fulani lilikuwa na breki mbovu, na kwamba kuna namba moja ilipita Ifakara mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Nani ana muda huo? Mkewe, mama Angelina, jina lake Levina, alifariki watoto wakiwa wadogo. Angelina sasa yuko Dar es Salaam, Pantaleo yuko Mbeya, na kila Jumapili wanampigia baba yao baada ya misa. Wanamuuliza kama amekula. Anawaambia amekula. Ana jirani zake, ana jumuiya yake ya kanisani, ana kijishamba cha mpunga Namawala anachokwenda kukiangalia kwa baiskeli. Hakuwa mtu aliyetupwa. Upweke wake ulikuwa wa aina nyingine: hapakuwa na mtu hata mmoja karibu yake aliyejua alikuwa anafanya nini kwa miaka ishirini na tatu, isipokuwa huyo wa ng'ambo, na huyo wa ng'ambo alikuwa mlio mmoja kwa siku.

Mimi nilimhurumia, na huruma yangu ndiyo iliyoleta yote haya.

Mwaka jana, masika yakielekea kuisha, redioni walitangaza kuwa nchi za ukanda wetu zimekubaliana juu ya mawasiliano. Nilikuwa napima chaja ya mteja, nikaacha. Unajua mikutano ile: wakubwa wanakaa hotelini na chupa ndogondogo za maji mbele yao, wanakubaliana kuimarisha hiki na kuoanisha kile, wanapiga picha ya pamoja, na sisi huku hatuoni hata karatasi. Safari hii ilikuwa tofauti. Wiki haikupita, kampuni mojawapo ya simu ikaleta ujumbe kwenye laini zote ninazouza: piga Zambia kwa bei karibu na ya nyumbani, na wa Zambia akikupigia ni hivyo hivyo. Nilisoma mara tatu, halafu nikajaribu. Kweli tupu.

Aliyefaidi wa kwanza alikuwa Eustaki, mfanyabiashara wa mchele. Malori yake hupitia Zambia kwenda Kongo, na kabla ya hapo alikuwa anatuma ujumbe mfupi mpaka vidole vinauma. Sasa akawa anasimama katikati ya barabara mbele ya kibanda changu, anaongea na dalali wa mpakani kana kwamba dalali yuko juu ya mti. "Mzigo umevuka? Karatasi ya afya ya mimea wameikubali? Unasema? Sema tena, haina gharama!" Mtaa mzima tulijua mambo yake yote.

Mzee Hermenegildi alimsikiliza kutoka barazani kwake siku nne. Siku ya tano akavuka barabara.

"Mama Merina. Hiyo bei ni ya wafanyabiashara tu?"

"Ni ya kila mtu, mzee. Ni ya kwako na Chilufya."

"Sasa tutaongea nini?"

"Mtaongea! Miaka mingapi hamjasemezana?"

"Kumi na minane."

"Basi. Kesho akibipu, wewe pokea. Vocha yake haitaisha. Yeye atashtuka, atafurahi, mtaongea mpaka mchoke. Kubipu wanabipu wanafunzi, mzee."

Ndiyo, nilisema hivyo. Kubipu wanabipu wanafunzi. Kama ningeweza kuyameza maneno hayo leo, ningeyameza.

Kesho yake alitoka barazani dakika kumi kabla ya wakati wake. Amenyoa ndevu. Amevaa shati la reli, lile la buluu lililopauka, na amefunga hadi kifungo cha juu. Nilivuka na kigoda changu nikakaa naye, sikutaka kukosa. Kwenye daftari, chini ya safu za alama zake, alikuwa ameandika mambo ya kusema, kwa mwandiko ule wa kikarani: kwanza, kumshukuru, pili, kuuliza afya na watoto, tatu, kumuuliza kama anakumbuka treni ya mafuriko, nne, kumwambia kuhusu Levina. La nne alikuwa amelikata, akaliandika tena.

Saa sita na dakika kumi simu ikaita. Akabonyeza.

"Mpika! Ifakara hapa!" alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana.

Simu ikakatika.

Alinitazama. Nikasema mtandao, maana sisi kila kitu tunasema mtandao. Akapiga yeye. Ikaita mpaka ikajikata. Akapiga tena, ikaita tena hadi mwisho. Mara ya tatu yule dada wa kwenye simu akatuambia kuwa namba tunayopiga haipatikani. Mzee aliangalia daftari lake, akaangalia saa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujua aandike nini.

Siku iliyofuata hakukuwa na bipu. Wala siku ya tatu. Alitoka na kiti kama kawaida, akakaa, saa sita na dakika kumi ikapita, akaendelea kukaa hadi saa saba. Alibipu yeye mwenyewe, haipatikani. Mimi kibandani nilikuwa nikijifanya napanga vocha. Wateja walinisemesha sikuwasikia.

"Labda simu yake imeharibika," nilimwambia.

"Labda."

"Labda amesafiri."

"Chilufya hasafiri."

Siku ya nne nikamshauri tutume ujumbe. Hakutaka. Alisema ujumbe ni kitu cha kupeleka habari za msiba na madai. Nikambembeleza mpaka akanikabidhi simu, kwa kuwa macho yake na vile vitufe vidogo havipatani. Nikaandika haraka, kama ninavyomwandikia mtu mzima yeyote: "Shikamoo baba. Habari za huko? Tunaomba kujua hali yako." Nikatuma. Hakusoma nilichoandika, na mimi sikuona kuwa kuna tatizo lolote. Jibu halikuja.

Siku ya sita alikwenda stesheni kwa baiskeli, kuwauliza wafanyakazi wa treni kama kuna anayemjua mzee Chilufya wa Mpika aliyekuwa ofisi ya mabehewa. Vijana wa siku hizi hata hiyo ofisi hawaijui. Mmoja alimwambia Mpika ni mji mkubwa. Alirudi jioni, akapita mbele ya kibanda changu bila kunikosoa chochote, na hilo likaniumiza kuliko kama angenitukana.

Siku ya tisa alinikuta nafungua. Alikuwa anatoka parokiani.

"Nilikwenda kuandikisha nia ya misa," alisema.

"Ya marehemu?"

"Karani ameniuliza hivyo hivyo. Ameniuliza jina la ubatizo, sijui. Ameniuliza amefariki lini, sijui. Nikamwambia andika mgonjwa." Akaketi kwenye benchi. "Mama Merina, mke wangu alipokufa nilikuwa na watu nyumba nzima. Walilala hapa siku saba. Huyu nikimlilia nitamlilia na nani? Nitamwambia nani pole, na nani ataniambia mimi?"

Nilimpa chai, akaishika mkononi bila kuinywa mpaka ikapoa. Alisema jambo jingine ambalo sijaliondoa kichwani: kwamba asubuhi anaamka vizuri, anafagia, anakwenda Namawala, yote anayaweza, lakini ikifika saa sita na dakika kumi anajisikia kama mtu ambaye hakuna anayemwandika.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nimeamua kumwomba radhi. Nilivuka barabara saa sita na dakika nane na sahani ya wali kwa kitoga, samaki wa mtoni, nikakaa kwenye kigoda. Alikuwa hajavaa shati la reli. Amevaa shati lolote. Daftari lilikuwa limefungwa.

"Mzee, mimi ndiye niliyekuambia upokee," nilianza.

"Ulisema kwa wema," akasema, na hapohapo simu ikaita.

Iliita mara moja. Tukakodoa macho. Ikaita mara ya pili, ya tatu, haikukatika. Kioo kilionyesha Mpika. Mzee hakusogea. Mimi, kwa haraka zangu zilezile ambazo hazijawahi kunisaidia, nikaichukua, nikabonyeza, nikaweka sauti ya nje, nikamshikisha.

"Halo? Ifakara?" Ilikuwa sauti ya mzee, kubwa, ya mtu anayepiga kelele bila kujua. "Nyinyi watoto wa Ifakara. Mimi naitwa Chilufya, wa Mpika. Msinijibu, sisikii. Masikio yangu yalikwisha, sasa ni mwaka wa saba. Simu naiona ikiwaka tu. Nimengoja saa yake ndipo nipige."

"Chilufya!" Mzee alisimama. "Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

"Naona sekunde zinakwenda, basi mnanisikia. Nimeuona ujumbe wenu leo, nilipowasha simu. Mmenipa shikamoo. Mna adabu, mmelelewa. Marahaba, wanangu. Poleni sana. Siku ile nilipobipu nikaona imepokelewa, nikakata, nikavua kofia, kama tulivyopatana na baba yenu. Halafu mkawa mnapiga. Nilijua mnataka kuniambia, na mimi sikutaka kuambiwa. Nikazima simu. Nisameheni. Nimekaa na simu imezimwa siku kumi, kama mtoto."

Nilifunika mdomo kwa mikono miwili. Shikamoo baba. Mtu hamwamkii mwenzake wa rika moja shikamoo. Ni mimi niliyeandika, kidole changu, na kwa neno hilo nilikuwa nimemzika mzee wa watu mara ya pili.

"Sijafa!" Mzee alikuwa anapiga kelele kwenye simu, mishipa ya shingo imemtoka. "Chilufya, ndugu yangu, sijafa!"

"Nataka kuwaambia jambo moja mlijue, kisha niwaache na msiba wenu," sauti iliendelea, taratibu sasa. "Mama yenu alipofariki, baba yenu alikaa nyumbani siku zake, akarudi kazini. Siku ya kwanza nikaita, akaanza kunisomea. Akanisomea behewa moja. Akalisoma tena lilelile. Akalisoma mara ya tatu. Nikajua analia. Kwenye ule waya ofisi zote zinaweza kusikiliza, na mwanamume hapendi kusikika. Nikamwambia: Ifakara, nimepata zote, asante, funga. Hakuwa amenipa zote. Zilibaki nne. Nikaziandika za kubuni. Kwenye vitabu vya reli yapo mabehewa manne ambayo hayajapata kuwapo duniani, na hakuna mtu aliyewahi kuyatafuta. Mimi na baba yenu hatujalizungumza hata siku moja. Lakini kesho yake kabla ya namba ya kwanza, alisema: Mpika, asante. Neno hilo tu. Nimelibeba mpaka leo."

Mzee Hermenegildi aliketi. Hakupiga kelele tena. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, na mimi nilielewa kwa nini lile la nne kwenye orodha yake lilikatwa likaandikwa upya.

"Kiswahili changu chote hiki ni yeye aliyenipa, kwa waya," Chilufya alisema. "Hapa sina wa kuzungumza naye. Nikimaliza leo nadhani ndiyo basi. Binti yangu yuko hapa karibu. Nikikata, atanifutia namba hii, kwa sababu ikifika saa tano na dakika kumi mkono wangu unajipeleka wenyewe, na si vizuri kuwasumbua wafiwa. Baba yenu alikuwa karani safi. Alale salama. Mpika inafunga."

Ikakatika.

"Tuma ujumbe!" nilipiga kelele. "Lete, nimwandikie kuwa wewe ni mzima!"

"Hapana," akasema Mzee. "Wewe umeandika inatosha."

Hakuwa amekasirika. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka juu ya daftari, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa sita na dakika kumi na saba. Akapiga.

Nilidhani anabipu. Simu ikaita mara moja, hakukata. Ikaita mara ya pili, ya tatu. Nikaanza kuomba Mungu yule mzee wa Mpika asiipokee, maana akipokea ataanza tena kutupa pole, na sisi hatuna namna ya kumfikia masikioni. Mara ya nne Mzee akakata. Akavuta pumzi. Akapiga tena, ikaita mara moja, akakata. Akapiga tena, mara moja, akakata.

Ndefu moja, fupi mbili: Ifakara.

Akaweka simu juu ya daftari na kukaa wima. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya wali mkononi, sikumbuki niliinyanyua lini. Barabarani Eustaki alipita akiongea na mpakani, nikamwashiria anyamaze, na kwa uso niliokuwa nao akanyamaza kweli. Dakika moja ikapita. Nilimwona akilini binti wa watu huko Mpika na simu mkononi, anafuta. Dakika ya pili ikapita. Mzee alikuwa anatazama mbele tu, kidole gumba kikisugua jalada la daftari.

Simu ikaita mara moja. Ikanyamaza.

Ikaita mara moja. Ikanyamaza.

Kisha ikaita, na safari hii haikukatika. Iliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kioo kinawaka, jina la Mpika linawaka, ikaendelea kuita: fupi mbili, ndefu moja. Mikono iliniwasha kuipokea. Mzee Hermenegildi aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, uso umelowa, akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakupokea.